Kikao cha Dakika Ishirini

Idara ya dobi ya hospitali ile ilikuwa chini kabisa ya jengo, mahali ambapo wageni hawafiki na wakubwa hawapendi kufika. Ukishuka ngazi unakutana na joto kwanza, halafu harufu ya sabuni, halafu mngurumo wa mashine. Watu kumi na wanne walifanya kazi humo. Walifua mashuka ya wodi zote, wakayakamua, wakayakausha, wakayapiga pasi na kuyakunja. Msimamizi wao alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyefanya masihara na muda, na kwa sababu hiyo walimbandika jina la Dakika Ishirini. Jina lenyewe alilijua. Tuseme ukweli, lilimpendeza.

Dakika ishirini ndizo zilizokuwa urefu wa kikao chake cha kila Jumatatu. Na ili tusimwonee, ni vizuri ijulikane alikuta hali gani. Msimamizi aliyemtangulia, ambaye sasa amestaafu na anakula pensheni yake kwa amani, alikuwa akifungua kikao saa mbili asubuhi na kukifunga watu wakiwa wanasikia njaa ya mchana. Nusu saa nzima ingeishia kwenye kubishana nani kavunja kikombe cha chai. Watu walisinzia, mashuka yakarundikana, wauguzi wakapiga simu kutoka juu wakigomba. Dakika Ishirini alipokabidhiwa idara alipelekwa semina ya siku mbili juu ya namna ya kuendesha vikao, akarudi na daftari jipya na msimamo mkali. Ajenda sita, kila moja na dakika zake. Anayechelewa anasimama. Anayezungusha maneno anakatwa. Watu walinung'unika, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuwaringia wenzao wa jikoni na wa stoo ambao vikao vyao bado vilikuwa vya kupigia miayo.

Mkuu wa huduma, bwana mnene mwenye ofisi ghorofa ya tatu, alishuka siku moja kujionea. Alitoka akiwa ameridhika kupita kiasi, na wiki iliyofuata akaleta wasimamizi wa idara nyingine waje kujifunza. Walisimama ukutani na kalamu zao, wakaandika kila kitu.

Waliandika pia ule utaratibu wa muhtasari, ambao Dakika Ishirini aliutunga mwenyewe na hakuna semina iliyomfundisha. Mwanzoni aliandika muhtasari baada ya kikao, kama watu wote. Lakini aliona mambo ni yaleyale: idadi ya mashuka, sabuni imepungua, nani yuko likizo, nani yuko mashine gani wiki hiyo. Akaona kwa nini ajichoshe. Akaanza kuuandika Ijumaa mchana, akaupiga chapa, na Jumatatu asubuhi akauweka mlangoni na kalamu yake. Kila aliyeingia alisaini. Saa mbili na dakika ishirini kikao kinafungwa, karatasi inabandikwa ubaoni, kazi zinaanza. Kikao kiliandikwa kabla hakijazaliwa, na kwa miaka miwili hakuna aliyeona ubaya wake. Ajenda ya sita ilikuwa Mengineyo. Mbele yake, kila wiki, liliandikwa neno moja: hakuna.

Miongoni mwa waliosaini mlangoni alikuwamo mkamuaji wa mashuka, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ambaye wote walimwita Taratibu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ndani ya dobi ile. Hakuwa na kigugumizi. Maneno yake tu yalichelewa kutoka, kana kwamba kila moja alilipima kwanza. Ukimuuliza amelalaje, unaweza kufunga kamba za viatu vyote viwili kabla hajajibu. Wenzake walimpenda na walimtania. Kwenye kikao hakusema kitu, kwa sababu kikao kile hakikuwa na nafasi ya mtu wa namna yake, na yeye alilijua hilo kuliko aliyekiendesha.

Jumatatu moja mwezi wa tatu, walipofika ajenda ya sita, Taratibu aliinua mkono. Dakika Ishirini aliuona. Alitazama saa ukutani, ilikuwa saa mbili na dakika kumi na tisa.

"Kaka, kama ni refu tuliweke wiki ijayo," alisema. "Wewe nakujua, tukikuachia hapa wodini watajifulia mashuka wenyewe."

Watu walicheka na yeye akacheka. Viti vikaburutwa, watu wakasimama. Taratibu alibaki na mkono juu kidogo, kisha akaushusha.

Saa nne kasoro robo mashine ya pili ya kukamulia ilimkata mkono huohuo wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.

Sasa kilichofuata ndicho kilichomkosesha Dakika Ishirini usingizi kwa miezi miwili. Ratiba ya wiki ile, iliyobandikwa ubaoni tangu Ijumaa kwa mkono wake, ilionyesha kwamba Taratibu alipaswa kuwa kwenye meza ya kukunja. Mashine ya pili ilikuwa ya mdogo wake Dakika Ishirini. Nasema mdogo wake kweli, tumbo moja. Binti aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, na mwisho akamtafutia kazi palepale dobi, ambako alikuwa bado yumo kwenye miezi ya majaribio. Jioni ya siku ile binti alirudi nyumbani, akasema, "Dada, mimi hata sikuwepo pale. Alikuja akaniambia nenda kakunje, leo nitakaa mimi. Hakusema kwa nini."

"Umemwambia mtu?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usiseme."

Alimwambia hivyo kwa sababu mtu wa majaribio anayeacha mashine yake bila ruhusa hufukuzwa siku hiyohiyo, na alimwogopea. Ndiyo hivyo. Mapenzi ya ndugu yana ujinga wake, na yeye hakuwa wa kwanza. Lakini kunyamaza kwake kulimwacha Taratibu peke yake. Hospitali ikatoa maelezo yake: mfanyakazi aliingia kwenye mashine isiyo yake, bila ruhusa, wala hakukuwa na taarifa yoyote ya ubovu. Ushahidi ulikuwepo, tena mzuri, umepigwa chapa. Mengineyo: hakuna. Na chini yake, sahihi ya Taratibu mwenyewe. Barua ya kumwachisha kazi kwa kosa lake iliandaliwa. Ilibaki kikao cha uchunguzi kuibariki.

Siku moja kabla ya kikao hicho mkuu wa huduma alimwita Dakika Ishirini ofisini kwake. Alimkaribisha kiti, akamsogezea karatasi mbili.

"Wewe ndiye utakuwa katibu wetu kesho," alisema. "Nimekurahisishia kazi. Muhtasari huu hapa, umekamilika mpaka hitimisho. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Alisoma. Kila kitu kilikuwemo: nani alisema nini, nani aliunga mkono, wajumbe walivyokubaliana kwa kauli moja kwamba mfanyakazi alijiletea madhara mwenyewe. Palikuwa hata na shukrani za mwenyekiti kwa wajumbe kutunza muda. Alitafuta kosa la uandishi ili apate la kusema, hakuliona.

"Wasaini wanapoingia," mkuu aliongeza. "Tusiwachoshe watu."

"Sawa, mkubwa," alijibu. Aliposhuka ngazi aliona wazi kwamba kikao kile kilikuwa chake, kimepanda tu ghorofa. Alijichukia, lakini karatasi alizichukua.

Kesho yake saa tatu asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba cha mikutano, karatasi juu ya kimeza kidogo, kalamu juu ya karatasi. Afisa utumishi, mama mmoja mwenye miwani, alisaini huku akiongea na simu. Fundi mkuu aliuliza, "Wapi? Hapa?" akasaini asisome mstari. Mdogo wake, aliyeitwa kama shahidi, alisaini akiwa ameinamisha macho, akaenda kukaa kiti cha ukutani.

Taratibu alifika wa mwisho. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mkono wa shati wa kulia umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alimsalimia kama kawaida yake, polepole, akaulizia hali ya nyumbani. Kisha akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Alipoigusisha kwenye karatasi, karatasi ikateleza, maana hakuwa na mkono wa kuikandamiza. Alijaribu tena, ikateleza tena.

"Nishikie hapo, mama," alimwomba.

Aliishika. Taratibu akainama akaanza herufi ya kwanza ya jina lake, kwa shida, ulimi umetokeza kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakusoma kilichoandikwa juu. Hakuwahi kusoma hata siku moja, kwa miaka miwili, kwa sababu aliyeandika alikuwa msimamizi wake na alimwamini. Dakika Ishirini aliona vidole vyake mwenyewe vimeikandamiza karatasi ile ili mtu huyu atie sahihi ya kujimaliza.

"Acha, kaka," alisema, akaivuta. "Bado. Ingia tu ukakae."

Ndani, mkuu wa huduma alikuwa ameshakaa kichwani mwa meza. Alitazama saa yake. "Katibu, muhtasari uko tayari? Tuanze, tusipoteze muda wa watu."

"Hakuna muhtasari, mwenyekiti. Hatujakutana bado."

Mkuu alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Dakika Ishirini alibaki amesimama kwa sababu aliogopa kwamba akikaa hataweza tena. Alizichana zile karatasi mbili katikati, bila haraka, akaviweka vipande mezani mbele ya mkuu.

"Hizo ulizosaini sasa hivi," alimwambia afisa utumishi, "zilikuwa zinasema tumeshakubaliana. Ndivyo zilivyokuwa na zangu kule chini."

"Una maana gani?" afisa utumishi aliuliza, akaizima simu yake.

"Nina maana kwamba muhtasari wa Jumatatu ile niliuandika Ijumaa. Wote walisaini mlangoni kabla hatujafungua kikao. Palipoandikwa hakuna mengineyo, niliandika mimi, siku tatu kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Na mengineyo yalikuwepo. Huyu kaka aliinua mkono nikauona. Nilimkata, nikamfanyia na utani juu yake."

Fundi mkuu alikohoa. Mkuu wa huduma alisema kwa sauti ya chini, "Mama, unajua unachokifanya? Hapo unajimaliza mwenyewe."

"Najua. Naomba sasa aseme alichotaka kusema siku ile. Na naomba tafadhali asikatwe."

Wote walimgeukia Taratibu. Alikuwa ameuweka mkono wake uliobaki juu ya meza, kiganja chini. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba mkuu alifungua kinywa mara mbili, na mara zote mbili afisa utumishi aliinua kidole kumzuia. Huko nje koridoni kitanda cha magurudumu kilipita, kikaenda zake.

"Ile mashine ya pili," Taratibu alianza, "kifuniko chake kinaachia mapema. Ngoma bado inazunguka, chenyewe kinafunguka. Kinatakiwa kibane mpaka isimame." Alipumzika. "Mimi wiki ile ya nyuma nilikuwa nayo. Nikaijua. Ikikaribia kusimama ina mlio wake, nikawa nausubiri ule mlio ndio naingiza mkono. Lakini mgeni hawezi kuujua. Nikaona ratiba ubaoni, nikaona kaandikwa binti."

Binti aliyekaa ukutani aliinua kichwa.

"Nilitaka kusema huyu mtoto asikae pale mpaka fundi aje aione. Hilo tu. Halikuwa refu." Akatafuta maneno yaliyobaki. "Kikao kikaisha. Basi nikamwambia nenda wewe kakunje, nikakaa mimi. Nikasema moyoni, wiki moja siyo nyingi, Jumatatu nyingine nitaomba tena. Sasa siku ile kikaushio kilikuwa kinapiga kelele sana. Ule mlio sikuusikia vizuri."

Alikuwa amemaliza. Ilikuwa imechukua dakika nne, labda tano, hakuna aliyetazama. Mdogo wake Dakika Ishirini alikuwa analia kimya, mikono yote miwili amejiziba nayo uso, na dada yake alimtazama akashindwa hata kumwendea. Miezi miwili alikuwa akimshukuru Mungu kwamba binti hakuwepo pale. Hakuwahi kumshukuru mtu aliyemwondoa.

"Na mimi niliyajua nusu yake," Dakika Ishirini alisema. "Mdogo wangu aliniambia jioni ileile kwamba aliondolewa pale. Nikamfunga mdomo. Kosa la kunyamaza ni langu, si lake."

Fundi mkuu aliulizwa kama kifuniko kile kilikaguliwa baada ya ajali. Alijibu kwamba ndiyo, na kilikutwa kibovu, lakini yeye aliambiwa swali lilikuwa kama palikuwa na taarifa kabla, na taarifa haikuwepo. Alisema hivyo akiangalia meza. Afisa utumishi alivua miwani, akaivaa tena, akaivuta ile barua iliyokuwa mbele ya mkuu wa huduma na kuikunja mara mbili.

"Barua hii haitoki," alisema. "Huyu mzee hana kosa. Atarudi kazini na tutamtafutia kazi ya mkono mmoja, na haki zake zote zitafuatwa. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Mkuu wa huduma aligeuza kiti chake kidogo akaangalia dirishani. Dakika Ishirini alikaa. Usimamizi hautabaki kwake, hilo alilijua, na hakulisikitikia sana. Alifungua daftari tupu na kuandika tarehe. Kisha akaanza kuandika aliyoyasikia, moja baada ya jingine.

"Nina swali moja la mwisho," afisa utumishi alisema, "ili niwe nimeelewa vizuri. Mzee wangu, jambo zito namna ile, mbona ulisubiri kikao? Kwa nini hukumwendea msimamizi wako pembeni ukamwambia?"

Taratibu alitazama kiganja chake. Safari hii hakuwa anatafuta maneno. Ilionekana kabisa kwamba anayo, anayazuia.

"Hilo tuliache," alisema.

"Sema tu, kaka," Dakika Ishirini alimwambia.

"Siyo kitu, mama."

"Sema. Tumesema hukatwi."

Alimtazama usoni, bila chuki, afadhali ingekuwepo.

"Nilikuja. Ile Ijumaa, saa nane mchana, ofisini kwako. Ulikuwa unapiga chapa. Nikasimama mlangoni nikakuambia, mama, kuna hatari kwenye mashine ya pili. Hukugeuka. Ukasema, kaka, mambo ya idara yana mahali pake, lete kikaoni."

Dakika Ishirini alijaribu kukumbuka. Aliikumbuka ile Ijumaa, joto lake, karatasi iliyokwama kwenye mashine ya kuchapia, simu iliyoita mara mbili. Alitafuta mtu mlangoni na sauti ya mtu mlangoni, akatafuta sana, asimpate. Kwake yeye hakukuwa na aliyekuja. Na alijua kwamba mtu huyu hajawahi kusema uongo.

"Hilo si lazima liingie kwenye kumbukumbu," mkuu wa huduma alisema upesi. "Ni mazungumzo ya watu wawili."

Alikuwa anamsaidia, kwa namna yake. Hata afisa utumishi alisubiri tu. Ilitosha Dakika Ishirini naye akae kimya, na lisingeandikwa popote.

"Kaka," alisema, akaiweka kalamu kwenye mstari mpya, "rudia tena hayo ya Ijumaa. Taratibu, neno kwa neno, nisikose hata moja."

Taratibu alirudia tangu mwanzo, na yeye akaandika.